Karatasi za Viviane

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia nyua za lupango zao, wanafunzi walishuka kijitoni na karatasi za kupimia maji. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Karatasi ikibaki kijani, maji ni salama. Ikiwa nyekundu, ni hatari. Waliipiga picha kwa simu na kuituma kwa watafiti Lubumbashi, waliotaka kujua ni vijito vipi vimeharibiwa na uoshaji wa madini.

Viviane, wa kwanza darasani, aliidharau kazi hiyo.

"Sayansi gani hii ya kukanyaga matope?" alimwambia jirani yake Blaise. "Watafiti wana mashine."

"Mashine yao itafika kila kijito cha Likasi?"

"Weye nenda ukahesabu vyura."

Basi msomi huyo akabaki nyumbani, akachovya karatasi zake katika maji ya bomba. Zikabaki kijani. Akazituma, akarudi kusuka nywele.

Majibu yalipotoka, Mwalimu François aliwasomea wazazi: anakopima Viviane, maji ni salama. Mama Émilienne, muuza unga wa muhogo, akafurahi. Tangu wachimbaji waanze kuosha mawe huko, alikuwa ameacha kuloweka mihogo yake pale.

"Kesho napeleka mabeseni," akasema. "Mutoto wa shule amepima."

Viviane akayasikia maneno hayo. Unga ule ndio bukari, ugali wa mtaa mzima, hata wa mdogo wake Elikia. Usiku kucha alitafuta uongo wa kufunika uongo wake, akaukosa.

Asubuhi akamkuta Mama Émilienne kijitoni, ameinama, muhogo wa kwanza mkononi.

"Mama, usitie. Miye sikupima hapa. Nilipima bomba letu."

Mama aliuweka muhogo chini. Alimwita Blaise, aliyekuwa akipima mahali pake ng'ambo, akamwambia achovye karatasi. Ikawa nyekundu.

"Rudisha mihogo yangu katika gunia," Mama akamwamuru Viviane. Kisha akamtazama kama atazamaye samaki aliyeoza. "Unajiita mwenye akili. Mashine ikiharibika, fundi ataitengeneza. Weye ukidanganya, tutengeneze nini? Watoto wote hawa wamechafua miguu ili tujue ukweli, na mumoja anayejiona bora kuliko wao alitaka kutulisha sumu. Kazi ya wengi haihitaji kichwa kikubwa. Inahitaji kila mutu apime pake, aseme alichoona. Sasa ingia matopeni, upime."

Viviane akavua viatu, akaingia.