Uyoga wa Mvua za Kwanza

Haya alinisimulia rafiki yangu Lucia wa Misunkumilo. Mwaka jana mvua za kwanza zilinyesha ikiwa miezi miwili tangu amzike mama yake. Akaenda peke yake kuchuma uyoga msituni, mahali pa kimya walipozoea kwenda wawili kila msimu. Wingu likatanda, chini ya miti kukawa giza, yakasikika matone tu. Kwa mazoea akaita, “Mama, uko wapi?” Kisha akakumbuka, akalia.

Nyuma ya kichaka sauti ikajibu taratibu, “Niko huku, mwanangu. We chuma tu.”

Lucia akakimbilia kule akimwita. Hapakuwa na mtu, wala unyayo kwenye tope. Palikuwa na uyoga umepangwa juu ya jani, mashina yake yakichuruzika utomvu mweupe, kama uliochumwa sasa hivi.