Gurudumu la Nyuma

Soko la Tandika lilikuwa limefurika asubuhi ile ya Jumamosi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha matope mazito, na spika za wauza nguo zilikuwa zinashindana kupiga singeli. Katikati ya vurugu hiyo Somoe alikuwa anakokota baiskeli yake, mauntini baiki ya mtumba aliyoinunua wiki iliyotangulia. Pindo la baibui alikuwa amelikunja na kulifunga fundo juu ya suruali, mtandio wa zambarau umemteleza hadi mabegani, jasho linamtiririka. Kila alipoisukuma, gurudumu la nyuma lilikwenda kushoto, likarudi kulia, likasugua breki na kupiga kelele hadi watu wakageuka.

"Dada, hilo gurudumu limelewa. Umelinywesha nini?"

Aliyesema alikuwa fundi baiskeli, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyofifia, amekaa kwenye kopo la rangi mbele ya banda la mabati. Jina lake Khalfani.

"Sijalinywesha kitu. Nimelinunua hivyohivyo."

"Basi waliokuuzia wamekupiga."

"Sasa ndo unicheke?"

"Sikucheki, nafurahi. Wasingekupiga, ungepita lini hapa kwangu?"

Somoe alitaka kununa, akashindwa. Khalfani aliipindua baiskeli, ikasimama kwa usukani na kiti. Alilishika gurudumu kwa vidole viwili akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto.

"Rimu nzima, spoki nzima," alisema. "Tatizo liko huku katikati. Gololi zimekwisha, na koni zinazozishika zimelegea." Akalichomoa gurudumu, akafuta grisi nyeusi, akamwaga gololi mpya kiganjani, zikang'aa kama shanga. Alipomaliza alilizungusha, nalo likazunguka kimya, limenyooka.

Malipo akayakataa. "Wewe kazi yako nini?"

"Msusi. Nawafuata wateja majumbani kwao."

"Basi siku moja utamsukia mke wangu."

"Kumbe una mke!"

"Sina. Ila kichwa cha kusuka nimeshakiona leo."

Somoe aliondoka amejifunika mdomo kwa mtandio, asionekane anavyocheka.

Siku chache baadaye gurudumu likaanza tena. Akarudi, likatengenezwa. Halafu likaanza tena. Ikawa wiki haipiti bila Somoe kupiga simu.

"Fundi, limeyumba."

"Limenimiss hilo. Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe yuko bize."

"Mlete hivyohivyo na ubize wake. Nina juisi ya ukwaju hapa, imepoa."

Wakizungumza, spana ilikuwa inakwenda polepole. Somoe alimweleza mapema kwamba ana mtoto, Nusaiba, wa miaka sita, ambaye baba yake aliondoka mimba ikiwa changa na hakutazama nyuma. Alitegemea Khalfani atapoa. Badala yake Khalfani aliomba kitambaa cha kanga kuukuu, akashona mto na kuufunga kwenye keria ya nyuma, ili Nusaiba akipelekwa madrasa asiumie. Siku hiyo Somoe alifika kwake Yombo, akajifungia chumbani akalia peke yake. Hakuna mwanamume aliyewahi kumfikiria mwanawe kabla ya kuambiwa.

Waligombana mara moja tu. Somoe alisema kwenye simu, kwa utani, "Mie nampelekea fundi mwingine hii baiskeli, labda wewe hujui kazi."

Khalfani akasema, "Mpelekee. Nitajua umenichoka."

"Jamani, si natania?"

"Nenda tu, Somoe." Akakata.

Hakupokea simu siku mbili. Ya tatu alikuja mwenyewe Yombo, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, mfuko wa machungwa mkononi. "Nisamehe, kipenzi. Nikikukosa wewe sijui nitakuwa nani." Somoe alimmenyea chungwa, wakala wote watatu kibarazani, Nusaiba akiwa katikati yao, na ugomvi ukaishia hapo.

Ajali ilitokea siku ya Jumatano, Somoe akimpeleka mtoto madrasa. Walikuwa wanateremka mteremko mdogo, Nusaiba anaimba nyuma. Wakaruka tuta. Somoe alisikia kitu kikifyatuka chini yake, gurudumu likalala upande, likajikaba kwenye fremu. Baiskeli ikaanguka na mguu wa mtoto ukaingia kwenye spoki. Sauti aliyoitoa Nusaiba, Somoe hakuwahi kuisikia kabla, na baada ya hapo hakuacha kuisikia.

Mfupa ulikuwa umevunjika vibaya juu ya kifundo. Daktari alisema utaunga, lakini mguu huenda usirudi kama mwanzo.

Khalfani alifika hospitali na ovaroli yake, mikono imejaa grisi, midomo imekauka. Kuanzia hapo hakukosa hata siku moja. Alileta uji, alimnywesha Nusaiba kwa kijiko, alimpepea kwa boksi. Shangazi yake Somoe, aliyemlea, alikuwa haishi kumwombea dua. "Huyu ndiye mwanamume, mwanangu. Wengine wote makapi."

Kila alipoombewa, Khalfani aliinamisha kichwa. Somoe aliona ni haya.

Siku mtoto aliporuhusiwa, kwenye benchi la korido, Khalfani alimshika mkono. "Nataka nikuoe. Nimlee huyu mpaka akue. Niruhusu, Somoe."

"Unanihurumia?"

"Nakupenda. Nakupenda vibaya." Machozi yakamtoka mbele za watu. Somoe akasema ndiyo, naye akalia. Wakakubaliana washenga waje Ijumaa.

Ikabaki baiskeli. Ilikuwa imeegemezwa uani, na Nusaiba kila akiiona alikuwa analia. Khalfani alisema atakuja kuichukua aitupe. Somoe hakuona sababu ya kumsumbua. Alikuwa na mteja Sinza, na jirani na mteja huyo kulikuwa na fundi aliyenunua baiskeli mbovu, jamaa mnene aitwaye Romani. Akaipakia kwenye bajaji.

Romani alilifungua gurudumu ili aone anachonunua. Akatazama ndani muda mrefu.

"Nani alikuwa anakutengenezea?"

"Fundi wangu. Kwani vipi?"

"Fundi hasa huyo. Tazama, gololi mpya, grisi safi, koni hazina hata mkwaruzo. Upande huu kafunga vizuri kabisa." Akaligeuza. "Upande huu wa kushoto, hii nati ndiyo inatakiwa ibane koni isitembee. Alama ya spana haina. Imewekwa kwa vidole."

"Labda alisahau."

"Ulimpelekea mara ngapi?"

"Nyingi. Kila wiki."

"Mtu hasahau kitu kilekile kila wiki, dada. Alikuwa anakuchaji?"

"Hata siku moja."

"Ehee! Sasa alikuwa anataka nini?"

Somoe alijua Khalfani alichokuwa anataka.

Alimkuta Khalfani bandani, anaziba pancha. Alipomwona uso, aliiacha tyubu ikaanguka kwenye beseni.

"Ile nati ya kushoto," Somoe alisema.

Khalfani hakuuliza nati gani. Na hapo ndipo Somoe alipojua kwamba mpaka dakika ile alikuwa bado anategemea atauliza.

"Nilikuwa nailegeza kidogo tu," alisema kwa sauti ya chini. "Iyumbe kidogo, uje. Sikujua ingefyatuka. Wallahi sikujua."

"Ulishona mto. Ukamkalisha mwanangu juu yake."

"Kila siku nilikuwa nasema leo naifunga. Halafu ukija, ukikaa hapo, ukicheka... nilikuwa naogopa. Ningeifunga, ungekuwa na sababu gani ya kurudi kwa mtu kama mie?"

"Ungeniambia tu njoo." Sauti ya Somoe ilikuwa haipandi. "Kuna siku nilikuja nikakwambia tairi halina upepo. Lilikuwa limejaa, Khalfani. Niliufungua upepo mwenyewe pale kona, nikalisukuma hadi hapa. Ungesema njoo, ningekuja kwa miguu."

Khalfani alifunika uso kwa mikono yake yenye grisi.

"Washenga wasije," Somoe alisema, akaondoka.

Kwa shangazi ilikuwa kazi kubwa zaidi. "Amekataa? Hakutaki tena?"

"Ananitaka, shangazi. Huko kunitaka kwake ndo kumetufikisha hapa."

Hakueleza zaidi, na shangazi aliamini mpaka mwisho kwamba Somoe ana kiburi.

Wiki ziliisha, plasta ikakatwa. Nusaiba alijifunza kutembea kwa kuuburuza mguu kidogo. Jioni moja Somoe alikuwa anamsuka mteja kibarazani, simu ikaita juu ya mkeka. Mtoto akaiwahi.

"Mama, ni anko Khalfani!"

Vidole vya Somoe vikasimama nyweleni mwa mteja. Moyo wake ulikuwa bado haujajifunza, ukaruka kama zamani. "Mwambie sipo."

"Mama anasema hayupo," Nusaiba akasema kwenye simu. Akasikiliza. "Mama, anauliza mguu wangu unauma?"

Somoe alitazama ule mguu mwembamba, kovu lake bado jekundu.

"Mwambie ukweli."

"Unauma, anko," mtoto akasema. "Nikikimbia tu. Nikikaa hauumi."

Akaiweka simu sikioni tena, akangoja, akakunja uso.

"Mama, hasemi kitu. Analia."

Somoe alichukua fungu jingine la rasta, akaanza mstari mpya.

"Muage, mwanangu," alisema. "Kata."