Herufi Mbili kwa Pumzi Moja

Nilitoka kununua maziwa tu.

Duka liko ng'ambo ya barabara, lakini jioni ile malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamesimama kichwa kwa mkia. Nikapenya katikati ya matrela mawili, nikanunua lita yangu. Niligeuka kurudi nikaliona jua. Lilikuwa limeshagusa vilima.

Nikaanza kukimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwalimu wa kwaya, nakimbia na kandambili katikati ya Tunduma na pakiti ya maziwa kifuani. Utingo mmoja akanipigia mluzi. Apige. Hakujua kwamba jua likizama kabla sijafika, sina mume.

Mume wangu anaitwa Amoni, Mndali wa Mbebe, Ileje. Mwezi wa nne alikuwa Mkwajuni kwenye dhahabu. Wenzake wanasema aliingia kwenye shimo peke yake, wenyewe huita duara, na huko chini akasikia mtu anamwita jina. Mara moja tu. Akaitika, "Naam."

Sote tumelelewa na katazo lile, kwao Ileje na kwetu Itaka. Giza likiingia, ukiitwa usione mtu, usiitike ya kwanza wala ya pili. Kisicho mtu hakifikishi tatu. Lakini chini ya ardhi nani ajuaye kama ni mchana au jioni? Walimpandisha akiwa mzima, ila hasemi. Hata neno moja.

Tangu hapo, kila jua likizama anainuka na kutoka. Mimi sisikii kitu, yeye anasikia. Siku ya kwanza nilimdaka mlangoni, ya pili barabarani. Wiki ya pili tulimwokota mbali, mji mdogo wa Mpemba, nyayo zimechanika. Nikamfunga kwa kitenge, akajichuna mikono mpaka damu. Hospitali hawakuona ugonjwa. Kanisani tulifunga siku saba. Wifi yangu Nesta akaleta mganga kutoka kwao. Mganga alimtazama Amoni, akaaga, akamwacha hata kuku wake. Mganga akiacha kuku, ujue mambo yameharibika.

Nilimlilia Mungu mpaka nikakauka.

Ndipo tajiri yangu, Mzee Kantilal, mwenye duka la vipuri ninapouza, akaniita pembeni. Kiharusi kimemvuta mdomo upande mmoja.

"Mwalimu," akasema, "mama yangu alikuwa na maneno ya Kisanskriti, lugha ya sala zetu za kale. Mistari mitatu. Anasomewa mtu anayeitwa na kisichoonekana, jua linapozama. Mimi midomo yangu haikutani tena, siwezi. Lakini masikio yangu mazima. Na wewe una sikio la kwaya."

Mimi ni Mkristo wa kuzaliwa. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nikakubali.

Nilidhani nitajifunza kwa saa moja. Ilinichukua siku tisa. Kila mstari una neno moja lenye herufi mbili zilizoungana, na hapo ndipo niliposulubiwa. Chitta, maana yake moyo unaowaza. Mimi nikasema "chita". Mzee akagonga meza.

"Umemeza moja."

Nikasema "chitita". Akagonga tena.

"Sasa umetia hewa katikati. Bandika ulimi nyuma ya meno. Zuia. Usivute, usitoe. Haya, achia."

Ulimi wetu haukuzoea kusimama katikati ya neno. Unataka kupumua kila hatua, mithili ya mzee anayepanda mlima.

"Ya kwanza inafunga mlango, ya pili inafungua," akasema Mzee Kantilal. "Pale katikati, palipo kimya, ndipo pumzi ya mgonjwa inapokaa. Usifungue kinywa hapo kwa sababu yoyote. Kikifunguka, kitu kingine kitakaa."

Chitta. Buddhi. Sattva. Mistari mitatu, vimya vitatu, pumzi moja.

Siku ya kumi nilimsomea Amoni jua likizama. Akatazama mlango. Akatetemeka... asiinuke. Nililia kama mtoto. Siku kumi na sita akatulia hivyo, na wiki ya mwisho alianza kunifinya kidole nikimaliza.

Halafu ndiyo ikaja jioni ya maziwa.

Nilikuta mlango wazi.

Amoni alikuwa nyuma ya nyumba, peku, anaelekea kwenye migomba. Nikatupa maziwa nikamkumbatia kiuno kutoka nyuma. Jua lilibaki ukucha. Nikaanza palepale, kifua kinapanda na kushuka. Pumzi ya mtu aliyekimbia haitoshi kitu. Nilijua. Ningefanyaje?

"Chit..."

Nikazuia. Na kwenye kile kimya, nikasikia jina langu.

"Ikupa."

Ilitoka kwenye migomba. Na harufu ikaja nayo, udongo mbichi na moshi wa baruti. Nywele zilinisimama, kwa sababu sauti ile naijua. Ilikuwa ya Amoni. Sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi mitatu. Na Amoni nilikuwa nimemshika mikononi, kinywa kimefumbwa.

"...ta," nikaachia. Nikaendelea na mstari wa pili. "Bud..."

"Ikupa."

"...dhi."

Macho yalianza kuona giza. Mbavu zilinichoma. Mstari wa tatu.

"Sat..."

"Ikupa... mke wangu."

Ilikuwa inalia.

Tatu. Nilizihesabu, ni tatu. Kisicho mtu hakifikishi tatu, ndivyo bibi yangu alivyonifundisha, na mume wangu alikuwa analia gizani.

"Abee," nikasema.

Neno la mwisho lilikatikia hapo, nusu yake kinywani mwangu. Harufu ikapotea. Amoni akawa mzito mikononi, kisha akawa mwepesi, kisha akageuka.

"Tuingie ndani," akasema. "Maziwa yanamwagika."

Alisema. Mume wangu alisema. Nilipiga magoti kwenye tope la maziwa nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakatoka.

Asubuhi Mzee Kantilal alikuja na fimbo yake kumwona. Amoni akamwamkia vizuri, akamvutia kiti. Kisha, bila kuombwa, akaisoma ile mistari.

Hakuna aliyemfundisha. Na huyu ni mtu niliyemtoa kwenye kwaya mimi mwenyewe kwa kukosa sauti, kabla hata hajanichumbia. Chitta. Buddhi. Sattva. Kila herufi mahali pake. Kila kimya kirefu... kirefu kuliko changu, kirefu kuliko nilivyofundishwa. Nikapiga makofi. Mzee hakupiga. Chozi lilikuwa linateremka kwenye shavu lililopinda.

Nikamsindikiza hadi barabarani.

"Anafunga vizuri kuliko mama yangu," akanong'ona. "Lakini nimekaa naye nusu saa. Sikusikia akivuta hewa."

"Mzee, usinitishe."

"Ulifungua kinywa?"

Nikamweleza. Akaegemea fimbo yake, malori yanatupita.

"Kiliita mara tatu kwa sababu ulikipa vimya vitatu," akasema. "Au ni mume wako kweli aliyekuwa anaomba arudi, ukamfungulia, na mwingine akawahi. Sijui, mwalimu. Hili mama yangu hakunifundisha."

Hajakanyaga kwangu tena.

Amoni anakula. Anafanya kazi. Kanisani wametoa ushuhuda juu yake, na mimi niliimba siku hiyo, nikatabasamu. Mchana akijinyoosha kwenye mkeka huwa naweka kiganja mbele ya pua yake. Kuna siku najiambia nimehisi kitu. Ni mume wangu. Nimempigania miezi mitatu, simwachi kwa maneno ya mzee mmoja. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Lakini kila jua likizama, kwenye migomba kuna anayeniita. Amoni anafunga mlango, anaketi na mgongo wake kwenye mbao, ananitazama. Wiki ya kwanza niliitwa mara tatu kila jioni. Kisha mara mbili. Sauti inachoka. Mimi nauma ngumi, siitiki, kwa maana sijui tena kuitika ni kumwokoa nani.

Jana haikuniita jina. Ilisema tu, polepole, kwa Kindali, lugha aliyoinyonya Amoni kwa mama yake kule Mbebe, kwamba baridi ya huku nje imeniingia mifupani, mke wangu, nifungulie.

Nilisimama. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo.

Yule aliyeketi mlangoni akainua uso, akatabasamu kwa upole kabisa.

"Anasema nini huyo?" akaniuliza.