Bolti ya Sita

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa malori. Mama yake alikuwa hoi, na gari pekee la kumkimbiza hospitali lilikuwa lori lake kuukuu, ambalo eksozi yake, yaani bomba la kutolea moshi, ilivujisha moshi hadi ndani ya kabini. Ilibidi aifungue kwanza, aizibe. Kati ya bolti sita zilizoishikilia kwenye injini, tano zilitoka. Ya sita ikagoma katakata. Akaipasha moto, akaigonga mara tatu kwa nyundo.

“Kaka, fanya hima, mama anaishiwa pumzi!” dada yake alilia kutoka nje.

Umeme ukakatika, gereji ikawa giza totoro. Ndani ya injini iliyozimwa, kitu kikagonga mara tatu. Kisha kutu ikalia: krii, krii. Fundi akapapasa. Spana ilikuwa sakafuni, na bolti ilikuwa ikizunguka polepole, ikikazwa kutokea ndani.