Kilichomeza Ndani ya Ndoo

Glasi ya mwisho ilikataa kukauka. Frida aliifuta kwa kitambaa safi, akaifuta tena, lakini ukungu ukarudi palepale kwa ndani, kana kwamba kuna mtu anaihemea.

"Iache, Mama Gerson, usije ukajikata bure," alisema Bwana Octavian, mwenye kiwanda hicho kidogo cha mvinyo pale Ihumwa. Ndiye aliyemruhusu kuja kazini na mwanawe mgongoni, na kila mchana alimwekea kiti kivulini apate kunyonyesha. Frida hakuisahau hisani hiyo.

Siku hiyo Octavian alikuwa akionja mvinyo wa Uturuki, wa zabibu za asili za huko, apate kujua ni mbegu ipi aijaribu kwenye ukame wa Dodoma. Alimwalika rafiki yake Dorothea, mwonjaji wa mvinyo. Wa kwanza, narinje, ulikuwa mweupe, wenye harufu ya machungwa. Wa pili uliitwa okuzgozu, yaani jicho la ng'ombe dume.

"Huo utauzika sana kwa wafugaji," Dorothea akacheka.

Kila funda walilizungusha mdomoni, kisha wakalitema kwenye ndoo, wasije wakalewa.

Wa tatu ulikuwa mweusi kama wino. "Boazkere," Octavian alisoma. "Maana yake mchoma koo." Akaonja, akatema.

"Boazkere," Dorothea akarudia, naye akatema.

Ndani ya ndoo, kitu kikameza.

Kikameza tena, kwa pupa. Chumba kikajaa harufu ya zabibu zilizoungua. Gerson aliamka mgongoni, akafumbua kinywa alie, na kilio chake kikatokea kwenye ndoo.

Mama Anna, mpishi, alikuja mbio, akasimama mlangoni. "Mmetema huku mkitaja jina?" alinong'ona.

"Ndiyo, Mama," Octavian akajibu.

"Kwetu Ugogo, mzee hupuliza pombe hivyo hivyo akiwaita kwa majina waliolala makaburini. Ninyi mmemwita nani?"

"Tumwage nje," Dorothea alisema.

"Ukimwaga ardhini umempa makao," Mama Anna akamkatiza. " Ameze aliyetema. Fanyeni haraka, mtoto anakwenda!"

Midomo ya Gerson ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Dorothea alirudi nyuma hadi ukutani. Octavian alimtazama mtoto, akainyanyua ndoo kwa mikono miwili, akanywa, na kadiri alivyokunywa ndivyo kile kilio kilivyopanda juu, kikapita kwenye meno yake, kikashuka kooni, kikahangaika kifuani mwake kama kuku ndani ya gunia, mpaka ndoo ikabaki tupu na Gerson akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Frida alimshusha mwanawe mgongoni, akapiga magoti naye kifuani. "Asante, baba. Mungu akulipe."

Octavian alitabasamu, akafumbua kinywa amjibu. Neno halikutoka. Koo lake lilitulia tuli, halikucheza hata kidogo, lakini wote wakasikia humo ndani kitu kikimeza.

Pale mezani, ile glasi ilikuwa imekauka.