Bangili Chini ya Maji

Dorcas alikuwa na bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake. Mama alizikwa Kisesa mwaka uliopita. Tangu msiba ule Dorcas hakuivua. Alilala nayo, akaamka nayo; akipika tu ndipo aliisukuma juu ya mkono isigonge sufuria. Kuna siku alimkumbuka mama hata akiwa sokoni, katikati ya watu, akaishika tu bangili.

Asubuhi moja alikwenda kufua ziwani, huko Igombe, pamoja na jirani yake Mboni. Mboni alikuwa mwalimu wa sayansi, sasa amestaafu. Ziwa lilikuwa shwari na maji maangavu. Mkono wa Dorcas ulijaa povu la sabuni. Bangili ikateleza, ikatumbukia kando ya jiwe.

Dorcas aliinama, akaiona iking'aa chini. Alikadiria kwamba maji yangemfika kiunoni. Mwalimu alimwambia asubiri, lakini hakusikia. Akashuka.

Mguu ulichelewa kugusa tope la chini. Maji yalimfika shingoni. Alipojaribu kugeuka aliteleza, yakamfunika, naye hakujua kuogelea. Mwalimu alimtupia kanga, akaidaka, akavutwa mpaka juu ya jiwe.

Alikaa akilia. Hakulilia maji aliyokunywa.

"Mwalimu, leo nimempoteza mama mara ya pili," alisema.

Mwalimu Mboni hakumkaripia. Alisema wangoje kwanza tope lililotibuka litulie. Kisha akaweka kifungo cha nguo katika beseni tupu la kufulia, akamrudisha Dorcas nyuma kidogo kidogo mpaka ukingo wa beseni ukakificha kifungo. Akamwomba asisogee, akamimina maji polepole. Kifungo kikaonekana tena, na hakuna aliyekigusa.

"Mwanga unaotoka kwenye kifungo hupinda ukitoka majini kuingia hewani," alieleza. "Jicho halijui kwamba umepinda. Linadhani umekuja moja kwa moja. Kwa hiyo kitu huonekana kiko juu kuliko kilipo."

"Ndiyo maana niliona maji ni machache?"

"Ndiyo. Macho yako ni mazima. Ni mwanga uliopinda. Hata miwani yangu hii hufanya kazi kwa njia hiyo. Mwanga hupinda ukipita kwenye kioo, nami nasoma vizuri."

Elias, mume wa Dorcas, aliitwa. Alikuja na mwanzi mrefu, ameufungia ndoana ya waya kwenye ncha. Tope lilikuwa limetulia. Dorcas aliomba aushike yeye. Alilenga bangili, waya ukapita juu yake. Akarudia, akakosa tena.

"Usilenge pale unapoiona," Mwalimu alimwambia. "Lenga chini yake."

Akalenga chini. Waya ukanasa. Dorcas aliuvuta mwanzi taratibu, bila kupumua, mpaka bangili ikatua kiganjani mwake.

Siku hizi mwanzi huo hukaa pale kwenye mawe. Anayetaka kuingia majini hupima kwanza kwa mwanzi, hata kama anaona chini kwa macho yake. Watoto nao wamefundishwa hivyo. Tangu hapo hakuna aliyezama pale.

Jioni ya siku ile Dorcas alisonga ugali bila kuisukuma bangili juu, ikawa inagonga sufuria kama mama alipokuwa akisonga. Elias alikuwa chumbani. Alitoka, akasimama mlangoni.

"Nilidhani mama amekuja," alisema.

"Hata mimi," Dorcas akajibu, akaendelea kusonga.