Mtu wa Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kijiti alifuta ukuta wa chumbani kwa kitambaa, na kila alasiri akirudi alimkuta yule mtu amerudi. Ndiyo, mtu. Doa jeusi lenye kichwa na mabega, limesimama juu ya kitanda cha mdogo wake, linanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Ukitega sikio ulilisikia likimeza mate. Mdogo wake alilala ameupa ukuta mgongo, akikohoa, na Kijiti aliogopa jambo moja tu: kwamba siku moja lile doa litamchukua.

Mwenye nyumba alidai wapangaji ni wachafu, hawafungui madirisha. Ndipo wapangaji wakamwita mkaguzi wa nyumba, mama asiye wa upande wowote, aje aone mwenyewe na kuandika ripoti.

Sasa sikia kituko. Mama yake Kijiti, kusikia tu mgeni anakuja, alipaka ukuta chokaa, akatandika shuka safi, akasogeza kabati likaziba doa. Mtu baki aione aibu ya nyumba yake? Thubutu!

Mkaguzi alikuja, akapiga picha ukuta mweupe, akauliza kama kuna tatizo. Mama akasema hakuna, wako salama kabisa. Mkaguzi alikwisha kugeukia mlango mtoto alipokohoa. Kijiti alimtazama mama yake.

"Mama, nisamehe," alisema. "Mama mkaguzi, yuko nyuma ya kabati."

"Nani?"

Kijiti alisukuma kabati. Chokaa ilikuwa bado mbichi, na yule mtu alishaanza kutokeza, kichwa kwanza. Mkaguzi aligusisha ukutani kidude chake cha kupimia unyevu, kikalia bila kunyamaza. Kisha akatega sikio.

"Bomba linavuja humu ndani," alisema. "Maji yanaleta ukungu, na ukungu unamkohoza mtoto. Si uchafu wenu."

Ripoti ilipotoka, mwenye nyumba alileta mafundi. Ukuta ulibomolewa, bomba likabadilishwa, na kikohozi kikapungua taratibu. Hata hivyo, Kijiti aliendelea kuchungulia mlangoni kabla ya kuingia chumbani.

Mama alimkuta hapo jioni moja, akamshika bega.

"Nilidhani naficha aibu, mwanangu, kumbe nilikuwa naficha ugonjwa. Aibu haikuwa yetu. Shida ikiwapo, mwonyeshe anayeweza kusaidia, kama ulivyofanya wewe."

Kitandani, mdogo wake alikuwa amelala, uso ameuelekeza ukutani.